Imepokelewa Yote

Mashine iliandika kwamba kazi imekwisha. Chola hakuiamini.

Aliijua hila yake. Hata laini ikikatika katikati, mashine ile yenye ukubwa wa friji huandika "imekwisha", kwa sababu kwake kujaribu na kufanikiwa ni kitu kimoja. Basi kila asubuhi, katika maabara yao pale Kitwe, Chola alifungua kumbukumbu za utumaji na kutafuta jibu la mashine ya upande wa pili: imepokea, na imepokea yote.

"We mwanamke, hata mume humfuatilii hivyo," Kasonde alimtania kutoka meza ya jirani.

"Mume akipotea atarudi mwenyewe. Majibu ya mgonjwa je?"

Majibu yenyewe hakuruhusiwa kuyasoma. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha yamefika, basi. Na mwezi ule, kati ya majibu yaliyokwenda kliniki ya mgodi, kule Mufulira, yalikuwamo ya baba yake.

Mzee Ng'andwe alichimba shaba ujana wake wote, na sasa aliishi kwa binti yake. Gari la vipimo la wachimbaji wastaafu lilipopita Kitwe, alitema makohozi kikoponi kama wenzake. Nesi wa gari hilo aliwaambia kliniki itawapigia simu wagonjwa tu. Asiyepigiwa ajijue mzima.

"Batata, bado hawajakupigia?" Chola alimuuliza jioni moja, akimwita baba kwa lugha ya kwao, nshima, ule ugali wao, ikipoa mbele ya mzee bila kuguswa.

"Bado, mama. Mimi mzima. Hawa wenye mgodi wapya hawana maneno mengi, wana mashine." Akakohoa mpaka akashika ukuta.

Chola aliingiwa na hofu. Kesho yake alipiga simu kliniki. Ikaita, ikaita, kama simu zote za kliniki. Akarudi kwenye kumbukumbu, akatafuta siku majibu yalipotumwa. Yaliyotoka na yaliyofika yalikuwa sawasawa, halikupungua hata moja. Mashine ya kule ilijibu palepale: imepokelewa yote.

Alishusha pumzi.

"Yamefika, Batata," alimwambia alipofika nyumbani. "Kungekuwa na tatizo wangeshakuita."

"Si nilikwambia?" Mzee alifurahi kama aliyeshinda ubishi.

Mvua zilipoanza, leso yake ilikuwa na damu. Chola alimsihi waende hospitali kuu, naye akakataa katakata. "Niende kufanya nini? Wewe mwenyewe ulisema yamefika!"

Hasira zote za Chola zikawageukia manesi wa Mufulira. Wamepelekewa majibu mikononi, wakayalalia! Asubuhi moja alimdanganya mzee kwamba wanakwenda kusalimia ndugu, akampakia kwenye teksi. Njia nzima alikuwa akipanga matusi. Leo watamtambua.

Geti la kliniki lilikuwa na mnyororo. Mlinzi aliinuka taratibu kitini, akamtazama mzee aliyekuwa akikohoa ndani ya teksi, kisha akamgeukia Chola.

"Manesi gani, dada? Mgodi ulipouzwa waliondolewa wote, kabla hata lile gari la vipimo halijapita. Humo ndani imebaki mashine moja tu inanguruma, hakuna aliyetuambia tuizime."