Ukurasa Alioukalia

Wiki iliyopita Mzee Shebe alisoma hadithi yake hadi mwisho. Waandishi wenzake wakampigia makofi, wakarudisha viti ukutani, kila mtu akashika njia yake.

Leo zamu ilikuwa ya Bi Mwanakheri. Alisoma hadithi ya mwanamke anayeishi peke yake, ambaye jioni moja anasikia hodi mlangoni. Alipoufikia ukurasa wa mwisho, akauteremsha polepole, akaukalia.

"Ehe, ikawaje?" aliuliza Mzee Shebe.

"Hapo ndipo nilipokwama, ndugu zangu."

Viti vikasogezwa karibu.

"Afungue! Huenda ni mwanawe."

"Thubutu! Wezi nao hupiga hodi."

Chai ikapoa wakibishana. Wakamsindikiza hadi kwake, bado wanabishana. "Jumamosi utuambie, dada," alisema Mzee Shebe kibarazani.

Alipofunga mlango, Bi Mwanakheri aliutoa ule ukurasa alioubana ndani ya kanga alipoinuka kitini, umekunjamana, akausoma kwa sauti ya chini: "Mwanamke alifungua. Nje hapakuwa na mtu."

Barabarani sauti zao zilizidi kufifia: afungue, asifungue. Alisimama akizisikiliza, mkono ungali kwenye komeo.