Nguzo ya Chini ya Dirisha

Waliokuwapo uani Al-Hindawiyah, mtaa wa Jeddah, Alhamisi ile karibu na adhuhuri, walikuwa wanne: Titus, fundi seremala kutoka Kakamega, Zacharia, fundi mwenzake, Mzee Ghalib, msimamizi, mzaliwa wa Jeddah mwenye asili ya Unguja, na bosi.

Mbele yao ilisimama karavani kuukuu ambayo unyevu wa bahari ulikuwa umeila kutoka ndani. Kwa wiki mbili Titus alikuwa akichokoa fremu yake kwa bisibisi. Kila mbao ilipomeguka kama mkate mkavu, aliikata na kuunga mpya. Kesho yake karavani ingevutwa hadi Riyadh, mwendo wa karibu kilomita elfu moja.

Sharti la kipindi chake cha majaribio lilijulikana. Jumatatu Titus aliingia ofisini mwa bosi kwa hiari yake, na ombi moja, akatoka macho mekundu. Waliokuwa nje waliyapata maneno ya mwisho tu: nguzo moja ikikutwa imeoza, mafi kazi, yaani hakuna kazi tena, ndege ya Nairobi usiku wa Alhamisi. Tangu siku hiyo Titus hakupitisha tonge lililoshuka vizuri.

Asubuhi hiyo dada yake, Sellah, alikuwa amempigia simu.

"Vipi, kaka?"

"Bado. Bosi anakagua saa sita."

"Nyumba nzima tunakuombea."

"Ombeni sana," alisema Titus.

Sasa bosi alianzia mlangoni. Nguzo zilikuwa wazi, kwa kuwa ukuta wa ndani ulikuwa haujabandikwa. Kila moja aliibonyeza kwa kidole gumba, kisha akaisukuma kwa bega. Mzee Ghalib alimfuata na kalamu.

"Ya tatu, tamam. Ya nne, tamam."

"Jasho lote hilo la nini?" Zacharia alimchokoza mwenzake. "Ukiendelea hivyo, mbao zitaoza upya!"

Titus hakucheka. Alikuwa akiitazama nguzo ya kumi na moja, ile ya chini ya dirisha. Aliijua kama mtu ajuavyo jino lake bovu. Nje aliipaka rangi kama nyingine zote. Ndani, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini.

"Ya kumi, tamam."

Bosi akaifikia. Akabonyeza. Akarudi nyuma hatua moja, akaisukuma kwa uzito wake wote, naye hakuwa mtu mwembamba. Titus alifumba macho, midomo ikicheza kwa sala.

Mbao haikulia hata kidogo.

"Mashallah," alisema Mzee Ghalib, akaandika.

Zacharia alimsogelea Titus, akamnong'oneza. "Niliiona jana ulipotumwa dukani kununua gundi. Nikaing'oa, nikaweka mpya, nikaipaka rangi ile ile. Najua ni uchovu tu, ndugu yangu. Ningekuachaje urudishwe kwenu kama mzigo uliokataliwa?"

Titus aliigusa nguzo ile mpya kwa ncha ya kidole.

Nguzo zilizosalia zilipita moja baada ya nyingine. Bosi alipangusa mikono, akasema maneno machache ya Kiarabu, na Mzee Ghalib akayatafsiri kwa sauti ya kusikika ua mzima.

"Halas, majaribio yamekwisha. Titus anabaki miaka yake miwili, na kiti cha ndege ya leo kimefutwa. Hongera, mwanangu!"

Zacharia alipiga makofi peke yake mpaka bosi akatabasamu. "Mpigie dada yako, bwana! Mbona unamwacha na roho juu?"

Titus alipiga. Simu ilipokewa kabla ya mlio wa pili. Nyuma ya Sellah, watu wengi walikuwa wakiimba tenzi.

"Sellah," alisema, "waambie wazee wasinisubiri. Mama azikwe Jumamosi bila mimi."