Hodi ya Pasi

Tangu sheria ya bangili ianze, kila muuzaji akavalishwa bangili inayohisi kifaa alichouza, hakuna aliyethubutu kuuza kifaa cha umeme chenye waya uliochunika, maana kikimpiga mnunuzi shoti, muuzaji naye huipata kwenye bangili yake. Pasi ikiwashwa, bangili hupata joto, ikizimwa, hupoa.

Bi Zawena, muuza vifaa vilivyotumika, alishazoea joto la alfajiri la binti aliyenunua pasi kwake alipoanza kazi ya unesi. Hakujua anakoishi. Lakini binti alijua anasikika, kwa hiyo kila akimaliza kunyoosha sare aliizima, akaiwasha tena kidogo, mara mbili, kama anayebisha hodi.

"Mwanao kaamka," mumewe humtania.

"Kaniamkia. Mtoto ana adabu."

Leo joto lilikuja, hodi haikufuata. Jua likapanda, bangili bado ya moto.

"Labda ananyoosha na sare za wenzake," mumewe alisema, bila kumtazama.

"Labda."

Bi Zawena akajaza besheni maji baridi ya mtungini, akazamisha mkono wenye bangili, akaushikilia humo, kana kwamba maji yangefika huko.