Mfupa wa Kisigino

Mwanahawa alisimama mlangoni mwa maabara, akiogopa kuitazama meza. Juu ya shuka jeupe ilikuwa imepangwa mifupa ya mdogo wake Chausiku, aliyepotea miaka tisa iliyopita. Dakta Nekesa, mtafiti wa mifupa, ndiye aliyemtambua, kwa mkono uliovunjika utotoni ukaunga vibaya.

"Nani alimwosha?" Mwanahawa aliuliza. Swali hilo lilimnyima usingizi tangu alipopigiwa simu. "Mwanamume?"

"Hapana, dada. Mimi mwenyewe. Siku nne, kwa maji na mswaki laini."

"Peke yako? Kimya kimya?"

Dakta alisita. "Nilikuwa naimba. Unisamehe. Lile tangazo la sabuni la zamani, la redioni. Liliniganda kichwani."

Mwanahawa alimkodolea macho, kisha akacheka huku akifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Chausiku naye, akiinamia beseni la nguo, lazima aliimbe! Na sauti mbaya, we!"

"Yangu pia mbaya."

"Basi hamkuchoshana."

Dakta alivuta bakuli lililofunikwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mfupa wa kisigino, bado umeshika udongo mwekundu. "Huu ndio wa mwisho. Nilikungoja."

Mwanahawa alikunja mikono ya gauni, akauchukua mswaki. Aliusugua mfupa polepole, kama anayemwosha mtoto aliyetoka kucheza. Maji yakaanza kuwa mekundu.

"Anza wewe," alisema bila kuinua macho. "Mimi maneno ya mwanzo nimeyasahau."