Marehemu Aliyegoma Kuzikwa

Asubuhi ya Jumatatu, wakati alipotakiwa awe mjini Dodoma akisaini mkataba wa kazi, Batholomeo alikuwa Zuzu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na suti yake na tai yake, akiutazama mlango wa Mama Kuluthumu. Mlango ulikuwa na kufuli.

Simu iliita mfukoni. Alikuwa Hasnain, mwenye kampuni ya michezo ya simu. Batholomeo aliitazama kama mtu aliyekuta nge kwenye kiatu. Ikaita mpaka ikachoka, wala haikuita tena.

Asaini vipi, kabla hajamwambia mwenye mali?

Kazi yenyewe ilikuwa kutunga hadithi za ile michezo: mchezaji akichagua jibu hili, mambo yanaelekea huku, akichagua lile, yanaharibika kule. Vijana walioiomba walijaa kama nzige, na wote walileta mazimwi na mapanga. Batholomeo alileta maiti mbishi. Marehemu kalala ndani ya kaburi lake, amevaa koti lake la kazi ya reli, anagoma kufukiwa mpaka apewe jogoo. Huku anawasimulia waombolezaji jinsi alivyopiga chafya siku moja, treni ya mizigo ikafunga breki ikidhani imepigiwa honi. Kazi ya mchezaji ni moja tu: kumshawishi akubali kuzikwa.

Hasnain alicheka mpaka akavua miwani. "Kaka, hii umeitoa wapi?"

Batholomeo aligusa paji la uso. "Humu humu, bosi."

Humu humu! Tangu siku ile, kila akinawa uso, kidole kile kilimsuta.

Maana hakutunga hata sentensi moja. Mzee Sostenes, Mgogo aliyefanya kazi reli, alipofariki, Kuluthumu, Mnyamwezi na mtani wa Wagogo, alifanya linalompasa mtani msibani. Alivaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akaongopa kwa sauti yake, kisha akajitupa kaburini akidai jogoo. Watu walilia na kucheka kwa macho yale yale. Batholomeo alisimama pembeni, simu mkononi, anarekodi.

Mwenye kipaji anauza karanga stesheni. Mwenye simu anavaa tai.

Na mama yake mzazi, Paulina, alikuwa ameshatangaza bombani mtaa mzima: "Mwanangu kaajiriwa! Jumatatu anasaini kwa Hasnain, pale ghorofani juu ya duka la vitambaa! Katunga mchezo wa maiti anayedai jogoo!" Kila aliyempa Batholomeo hongera alimchapa kibao bila kujua.

Jua lilikuwa utosini Kuluthumu aliposhuka kwenye bodaboda, amevaa gauni la Idi na viatu vya kisigino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mgogo wangu. Suti yote hiyo kuja kuomba chumvi?"

Siku nyingine angemjibu kwamba Wanyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani.

"Mama, nimekuibia."

Akamwaga yote: simu, kaburi, jogoo, humu humu. Kuluthumu alisikiliza akijipepea kwa ncha ya mtandio.

"Unalia?"

"Vumbi, mama."

"Vumbi la Dodoma halina adabu." Akavua kiatu kimoja, akakisugua kisigino chake kilichochubuka. "Sikiliza, mwanangu. Mtani haibi. Anachukua. Babu zetu walichukuliana mbuzi mchana kweupe, na mwenye mbuzi akabaki anacheka. Au mmeacha, mlivyosoma?"

"Hatujaacha."

"Basi mtani akichukua cha mtani, kuna kununiana?"

"Hakuna, mama."

"Kuna kupelekana kwa mjumbe?"

"Hata!"

"Sema kwa sauti. Majirani wasikie, kesho usije ukanigeuka."

Batholomeo alisimama, akajipangusa suruali, akatangaza kama mnadi wa mnadani: "Mtani akichukua cha mtani, hakuna kesi!"

Majirani wakapiga vigelegele, wasijue vya nini. Ule uzito uliomkaa kifuani ulimtoka wote kwa mpigo, hata kuku wa watu wakampendeza. Hasnain ni muungwana, atamwelewa. Ataomba radhi kwa kuchelewa, atasaini, na safari hii kwa moyo mweupe.

"Ahsante, mama. Wacha niwahi mjini."

"Unawahi nini?" Kuluthumu alikuwa ameshafungua mlango, kiatu mkononi. "Hasnain anakusalimu. Nimewalalia pale sakafuni nikiwadai jogoo, wakacheka mpaka wakanipa kalamu. Naanza kesho."