Wenye Majina Waulizwe

Asubuhi hiyo Kamukuywa, Hillary alikuwa amesajili wakulima arobaini kwenye programu ya kutabiri mvua. Wote walibonyeza "Kubali" bila kusoma. Mama aliyefuata alivaa miwani, akasoma.

"Ati inataka kusoma majina yote ya simu yangu?"

"Ni kawaida, mama. Ukikataa, haifunguki."

"Simu ni yangu, lakini majina yana wenyewe. Si tuwaulize kwanza?"

Kidole chake, chenye udongo wa shamba kwenye ukucha, kikaiacha ile "Kubali" kikaenda kwenye majina.

Hillary akacheka. Mara simu yake mwenyewe ikalia mfukoni. Akapokea; ni mama, kwa namba aliyowaachia wakulima wote.

"Na wewe, mwanangu," mama akauliza, akimtazama juu ya miwani, "umekubali jina lako lisomwe?"

Hillary akavua kofia kabla ya kujibu.