Pua ya Don Orazio

Jumanne, jua halijapanda, Venerina alikuwa juu ya ngazi akifunga malimau kwenye mlimau kwa uzi wa kijani.

Si kwamba mti haukuzaa. Ulizaa, tena sana, ila malimau yake yalikuwa madogo, yamejaa chunusi, kwa sababu pampu ya kisima iligoma kiangazi kizima na miti ikashinda na kiu. Haya aliyokuwa akiyafunga yalitoka kwa binamu yake wa Santa Tecla: manene, laini, yanang'aa. Alimwomba kikapu kizima, akamdanganya kwamba anataka kupika jamu.

Leo Don Orazio anakuja. Yeye ndiye aliyekuwa akikinunulia malimau kiwanda cha mafuta ya maganda, yale mafuta yanayotiwa kwenye manukato na peremende, na hakuhitaji maabara. Alikwaruza ganda kwa ukucha, akanusa, akaamua. Pwani yote ya chini ya mlima Etna walimwita Pua, ila si mbele yake. Ilisemekana aliwahi kunusa limau moja akamwambia mwuzaji, "Umeiba wewe," na jamaa akapiga magoti hapo hapo akalia.

Kwenye ukuta wa mawe meusi alikaa Saro, shemeji yake, msumeno wa injini mapajani. Nusu ya shamba ilikuwa yake tangu kaka yake, mume wa Venerina, alipofariki, na walishakubaliana mbele ya padri: kiwanda kikiyakataa malimau mwaka huu, miti inaangushwa, yanapandwa maparachichi.

"Shuka, shemeji, usije ukavunja kiuno bure," alisema Saro. "Pua ile huiwezi."

"Kelele! Umekuja na msumeno hata kahawa hujanywa?"

"Nimeshautia na petroli."

Venerina alifunga limau jingine. Kila mti shambani mle aliupandikiza marehemu mumewe, Turi, kwa mikono yake mwenyewe. Kumwona Saro akiukata mmoja tu kungemuua.

Don Orazio aliacha gari njiani, akaingia kwa miguu. Alikuwa mtu mfupi mwenye suti ya kitani na salamu ndefu. Aliuliza habari za magoti, za kisima, za padri, kisha akaunyoshea mkono mlimau wa mbele.

Venerina akamuwahi. Mkasi ukalia, uzi na kikonyo vikakatika pamoja.

Don Orazio alilikwaruza limau, halafu akampelekea Venerina puani. "Mwenye shamba huanza. Ndiyo adabu."

Venerina akanusa. "Zuri," alisema, na sauti ikamkauka.

Kisha akanusa yeye, polepole. Wanusaji wengine hufumba macho. Yeye alimkodolea Venerina usoni.

"Mama," alisema, "limau hili halikuzaliwa hapa."

Saro alicheka mpaka msumeno ukamponyoka mapajani.

"Ni la binamu yangu!" Venerina akabwata. "Yote ya mbele ni yake, nimeyafunga kwa uzi, Mungu anisamehe, Don Orazio, na wala sipiki jamu!"

"Jamu gani?"

"Basi tu."

"Haya. Nipe la kwako."

Venerina akachuma dogo, baya, lenye chunusi, bila kuchagua. Kazi ilikuwa imeshaharibika, achague nini? Don Orazio akalikwaruza, akampa anuse kwanza kama lile la awali.

Hapo Venerina akamsahau mgeni. Ilikuwa harufu ya Turi akirudi jioni, harufu ya koti lake nyuma ya mlango, harufu ambayo mwaka mzima hakuwa na moyo wa kuitafuta. Machozi yalimtoka huku anatabasamu mwenyewe, na aibu yote ikamwisha.

Don Orazio alilipitisha limau chini ya pua yake mara moja tu.

"Hili ndilo lenyewe," alisema. "Kiwanda kinachukua yote. Na mwakani pia."

Saro aliruka kutoka ukutani. "Hilo? Si limenyauka hilo! Tazama lilivyo na vipele!"

"Bwana, wewe una pua?"

Saro akaigusa ya kwake, kama hana hakika.

"Basi nyamaza."

Walishikana mikono, na kwa watu wa pale hilo lilitosha. Saro aliokota msumeno wake akaenda zake, akinung'unika kwamba dunia nzima siku hizi inakula parachichi, isipokuwa wapumbavu wa hapa Acireale.

Venerina alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari, kikapu cha malimau mkononi, moyo mweupe kabisa. Alijicheka. Hivi alifikiria nini, kuihadaa pua kama ile kwa uzi wa kushonea!

Alifungua mlango wa nyuma ili aweke kikapu, akarudi kinyumenyume, aproni puani.

Juu ya kiti palikuwa na mfuko wa dagaa uliopasuka. Maji meusi yalichuruzika hadi kwenye zulia, na nzi walikuwa wengi mpaka dagaa wenyewe walionekana kwa shida.

"Mama, ukipita kwa wauza samaki niulizie," alisema Don Orazio, ameshakaa kwenye usukani. "Nilinunua dagaa Ijumaa, mke wangu ananisema mpaka leo. Sijui niliwasahau wapi."

Venerina alifungua kinywa, akamtazama, akakifunga. Akaweka kikapu taratibu kando ya ule mfuko, akafunga mlango.

Don Orazio akapandisha vioo vyote, akavuta pumzi ndefu kwa raha zake, akaondoka.